Vipimo vya chumvi iliyoyeyuka: Sababu za maabara kutokubaliana

CHUMVI ya mezani haiungui ikitiwa motoni. Ikifikishwa nyuzi 801 za Selisiasi huyeyuka na kuwa majimaji maangavu yanayomiminika kama maji, na ambayo hupitisha umeme kwa wepesi unaoushinda kwa mbali ule wa maji ya bahari.

Sifa hiyo ya kupitisha umeme ndiyo iliyomwezesha Mwingereza Humphry Davy, jijini London mwaka 1807, kutia umeme katika potashi iliyoyeyuka na kupata metali ya potasiamu, ambayo hakuna mwanadamu aliyekuwa ameiona. Siku chache baadaye alipata sodiamu kwa njia iyo hiyo.

Mwaka 1834 Michael Faraday, ambaye awali alikuwa msaidizi wa Davy, alianza kutumia majina ambayo wanafunzi wa shule za upili hukariri hadi leo: elektrodi, elektroliti, anodi na kathodi. Baadhi ya majaribio yaliyomfikisha kwenye kanuni zake maarufu yalifanywa ndani ya chumvi zilizoyeyuka.

Viwanda vikubwa vimejengwa juu ya msingi huo. Takriban alumini yote mpya duniani, iwe ya sufuria au ya bawa la ndege, hutolewa kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1886 na Mmarekani Charles Hall na Mfaransa Paul Héroult, kila mmoja kivyake. Umeme hupitishwa katika chumvi ya floridi yenye joto la karibu nyuzi 960, na alumini hutuama chini.

Kenya nayo imegusana na taaluma hii kwa mbali. Mchanga wa Kwale, uliosafirishwa ng'ambo kuanzia mwaka 2014 hadi mgodi ulipofungwa Desemba 2024, ulikuwa na madini ya oksidi za titaniamu. Mnamo mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba oksidi ya titaniamu inaweza kugeuzwa moja kwa moja kuwa metali kwa umeme ndani ya kloridi ya kalsiamu iliyoyeyuka.

Wataalamu wa kawi nao wamezigeukia chumvi hizi upya. China iliwasha mwaka 2023, karibu na mji wa Wuwei, kinu kidogo cha nyuklia cha majaribio ambamo fueli yenyewe imeyeyushwa ndani ya chumvi. Desemba mwaka uo huo kampuni ya Kairos Power ya Marekani ilipata kibali cha kujenga kinu cha majaribio kiitwacho Hermes, kilichobuniwa kupozwa kwa chumvi ya floridi badala ya maji.

Hata hivyo, chini ya matumaini hayo kuna tatizo ambalo halitajwi sana nje ya maabara. Vipimo vya umeme na kemia vinavyochukuliwa ndani ya chumvi hizi mara nyingi havikubaliani. Maabara mbili zenye wataalamu waliobobea, zikipima kitu kimoja katika chumvi moja kwa joto moja, zinaweza kutoa majibu yanayopishana kwa asilimia 20, au hata moja likawa karibu maradufu ya jingine.

Si lazima mmoja awe amekosea hesabu. Aghalabu kila mmoja yuko sahihi kwa namna yake. Kasoro ni kwamba hawakupima kitu kile kile, na ripoti zao hazina maelezo ya kutosha kumwonyesha msomaji walipoachana njia.

Mlima bila usawa wa bahari

Mtaalamu anapotaka kujua yanayotendeka ndani ya chumvi moto hutumbukiza humo elektrodi tatu. Ya kwanza ni ya kazi, mathalani ufito mwembamba wa tungsteni, ambapo mabadiliko ya kemikali huchunguzwa. Ya pili hukamilisha mzunguko wa umeme. Ya tatu haina kazi ila kusimama tuli ili volti ya ile ya kwanza ipimwe kutoka kwake. Hiyo huitwa elektrodi ya marejeleo, na ndipo fujo huanzia.

Umuhimu wake ni sawa na ule wa usawa wa bahari kwa wapimaji wa ardhi. Husemwa kwamba Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na kila mtu huelewa kwa kuwa wote wamekubali kuhesabu kuanzia baharini. Mpimaji atakayeanzia Nanyuki bila kusema hivyo atautangaza mlima uo huo kuwa mfupi kwa karibu mita 1,900, na hesabu zake hazitakuwa na dosari hata moja.

Kwa majaribio yanayofanywa ndani ya maji, usawa wa bahari upo. Elektrodi za marejeleo huuzwa madukani zikiwa tayari, na tofauti ya volti kati ya aina moja na nyingine imeandikwa vitabuni. Mwanafunzi wa Nairobi na mwenzake wa Tokyo wanaweza kulinganisha matokeo yao bila kuulizana maswali.

Katika chumvi iliyoyeyuka, maabara nyingi hujitengenezea yake. Palipo na chumvi za kloridi, desturi ni kuchukua waya wa madini ya fedha na kuuingiza katika mrija wa kioo wenye chumvi iliyochanganywa na kiasi kidogo cha kloridi ya fedha. Ukuta mwembamba wa mrija huruhusu umeme upite bila chumvi za ndani na za nje kuchanganyika.

Suala ni hicho "kiasi kidogo". Maabara moja hutia sehemu 1 kwa 100, nyingine sehemu 5 kwa 100. Kwa kanuni ya kawaida ya kemia, tofauti hiyo peke yake huhamisha volti kwa takriban milivolti 107 joto likiwa nyuzi 500. Katika maji yenye joto la kawaida la chumbani, tofauti iyo hiyo ingeleta milivolti 41 tu. Joto hukuza kila kosa.

Isitoshe, kioo chenyewe hakitegemeki. Ukuta ukiwa mwembamba huvunjika, ukiwa mnene hukwamisha umeme, na joto likizidi mrija hulainika. Katika chumvi za floridi mambo ni mabaya zaidi, kwani floridi hula kioo. Huko baadhi ya watafiti hutumia vyombo vya nitridi ya boroni, wengine nikeli pamoja na floridi yake, na wengine hutumbukiza waya mtupu wa platini na kutumaini kwamba volti yake haitahama kabla ya jaribio kumalizika. Mara nyingi huhama.

Mtu anaweza kuuliza kuna hasara gani kwa kupotoka milivolti 100, ambazo ni chini ya moja kwa kumi ya volti za betri ya tochi. Jibu limo katika historia ya kinu cha Oak Ridge National Laboratory, jimbo la Tennessee nchini Marekani.

Kinu hicho kiliendeshwa kuanzia mwaka 1965 hadi 1969. Uraniamu yake ilikuwa imeyeyushwa katika floridi za lithiamu, beriliamu na zirkoniamu, zikiwa na joto la karibu nyuzi 650. Kilipofungwa, wachunguzi walikuta nyufa ndogondogo kwenye uso wa aloi ya nikeli iliyokuwa imegusana na chumvi. Lawama ilianguka kwa telariamu, mojawapo ya mabaki ya kupasuliwa kwa atomi za uraniamu.

Utafiti uliofuata katika miaka ya 1970 ulionyesha kwamba nyufa hizo zingeweza kuzuiwa kwa kudhibiti hali ya uraniamu ndani ya chumvi. Uraniamu huwa humo kwa aina mbili: ile iliyopoteza elektroni nne, na ile iliyopoteza tatu. Ya kwanza ikiwa si zaidi ya takriban mara 60 ya ile ya pili, aloi hubaki salama. Uwiano ukipanda juu ya hapo, telariamu huanza kushambulia.

Uwiano huo husomwa kutoka kwa volti. Kwa nyuzi 650, kila milivolti 100 huubadilisha kwa karibu mara 3.5. Mhandisi anayesoma 50 kwenye chombo chake akalala usingizi mnono, ilhali marejeleo yake yamepotoka kwa kiasi hicho, huenda mabomba yake yamebeba chumvi yenye uwiano wa 175.

Ni haki kusema kwamba kosa la namna hii hujifuta lenyewe ikiwa maabara moja inatumia elektrodi ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa maana kila kitu huhama pamoja. Hatari huzuka pale thamani iliyopimwa na maabara moja inapochukuliwa na nyingine kana kwamba usawa wa bahari ni mmoja. Na hivyo ndivyo sayansi hufanywa kila siku, kwani hakuna anayerudia kupima kila kitu kilichopimwa na waliomtangulia.

Kina cha ufito

Chanzo cha pili cha mfarakano ni cha kawaida kiasi cha kushangaza. Mkondo wa umeme unaopita kwenye elektrodi hutegemea ukubwa wa sehemu iliyozama ndani ya chumvi. Kwenye maji mtafiti hutumia elektrodi iliyofunikwa pande zote kwa plastiki, ikabaki duara moja la kipimo kinachojulikana. Plastiki haiwezi kustahimili nyuzi 500. Kwa hivyo hutumbukiza ufito mtupu, kisha hukadiria umezama kiasi gani.

Kukadiria si rahisi. Chumvi imo ndani ya tanuri, na aghalabu chombo hakionyeshi ndani. Fauka ya hayo, chumvi hupanda kwenye ufito kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, hivyo sehemu iliyolowa huwa kubwa kuliko iliyozama. Mnunuzi wa mahindi sokoni anajua jinsi gorogoro iliyobonyezwa kitako inavyompunja. Hapa gorogoro hubadilika ukubwa kila inapotiwa na kutolewa.

Tuseme ufito unaaminiwa kuzama milimita 10, ilhali umezama 11. Kosa la asilimia 10 katika eneo limeingia. Lakini mtafiti anapotaka kujua kasi ambayo ioni husambaa ndani ya chumvi, thamani ambayo wahandisi huihitaji kuliko nyingi nyingine, kanuni humtaka aupige mkondo kipeo cha pili. Asilimia 10 huwa 21.

Dawa yake inajulikana nayo ni ya bei nafuu. Mtafiti hupima mkondo mara kadhaa, kila mara akiinua ufito kwa hatua iliyopimwa kwa skrubu, kisha hutumia ongezeko la mkondo kwa kila milimita badala ya mkondo wenyewe. Sehemu iliyolowa kwa kupandwa na chumvi haibadiliki, hivyo hutoweka katika hesabu. Kazi hiyo huongeza saa moja au mbili kwenye jaribio. Ripoti isiyosema kama ilifanywa humwacha msomaji akikisia.

Halafu kuna uteuzi wa kanuni yenyewe. Katika majaribio mengi volti hupandishwa na kushushwa kwa mwendo maalumu huku mkondo ukirekodiwa, na mchoro wenye vilele hupatikana. Urefu wa kilele ndio hutafsiriwa kuwa kasi ya msambao. Kanuni ya tafsiri hiyo iliyo maarufu zaidi ni ya mwaka 1948, na huitwa kwa majina ya wanakemia Randles na Ševčík. Ilikusudiwa kwa kemikali zinazobaki zimeyeyuka kabla na baada ya kubadilika.

Metali inapoganda juu ya ufito, sharti hilo limevunjwa. Kanuni inayofaa ni ya Berzins na Delahay ya mwaka 1953, ambayo nambari yake ya msingi ni 0.61 badala ya 0.446. Anayetumia ile ya kwanza mahali pa ile ya pili huikuza kasi ya msambao kwa karibu mara 1.9. Kosa hili ni jepesi kufanya, kwa maana kanuni ya kwanza imo katika kila kitabu cha mafunzo na katika programu za tarakilishi zinazouzwa pamoja na mashine za kupimia. Michoro yenyewe, kwa macho, inafanana mno.

Maji yasiyoonekana

Wakazi wa Mombasa wanajua jinsi chumvi inavyolowa koponi wakati wa masika. Kloridi ya lithiamu, inayotumiwa sana katika utafiti huu pamoja na kloridi ya potasiamu, hunyonya unyevu wa hewani kwa pupa zaidi. Ndiyo maana kazi hufanywa ndani ya sanduku lililofungwa na kujazwa gesi ya argoni, mtafiti akiingiza mikono kupitia glavu zilizoshikizwa ukutani.

Chumvi iliyolowa ikipashwa joto haikauki tu. Sehemu ya maji huungana nayo, asidi hutoka kama gesi, na oksijeni hubaki ndani. Oksijeni hiyo hukamata metali zilizoyeyuka, uraniamu mojawapo, na kuzigeuza kuwa unga unaozama chini. Mtafiti aliyepima gramu zake kwa makini kwenye mizani huamini kwamba zote zimo ndani ya majimaji, na hali sehemu yake imelala kitako cha chombo. Akipotoka kwa asilimia 5 katika ukolezi, kasi ya msambao aitakayo hupotoka kwa takriban asilimia 10.

Chupa iliyoandikwa usafi wa asilimia 99.99 haimlindi. Mara nyingi tarakimu hiyo huhesabu metali za kigeni pekee na kuyaacha maji kando.

Kuna njia mbalimbali za kusafisha. Wapo wanaokausha chumvi polepole katika ombwe kwa siku kadhaa, na wapo wanaopitisha gesi ya asidi ya kloridi ndani ya chumvi iliyoyeyuka. Oak Ridge walitumia gesi ya floridi ya hidrojeni ikichanganywa na hidrojeni kwa chumvi zao za floridi. Kila njia huacha chumvi tofauti. Maneno mawili, "chumvi ilikaushwa", ambayo hutosheleza waandishi wengi wa makala za kitaalamu, hayamwambii msomaji karibu lolote.

Kuhusu joto hakuna mengi ya kusema, ila kwamba kipimajoto kilichowekwa kwenye ukuta wa tanuri hakipimi chumvi. Kinapima tanuri.

Kilo nane

Wapo watakaoona kwamba haya ni malumbano ya wasomi. Lakini kuna eneo moja ambapo kosa la asilimia chache hugeuka kuwa suala la usalama wa mataifa.

Fueli iliyokwisha kutumika katika vinu vya nyuklia inaweza kuchakatwa ndani ya kloridi za lithiamu na potasiamu zenye joto la nyuzi 500, ambapo umeme huvuta uraniamu na kuitenga na uchafu. Jimboni Idaho nchini Marekani, fueli ya kinu cha utafiti cha EBR-II ilianza kushughulikiwa kwa njia hiyo mwaka 1996. Plutoniamu hubaki imeyeyuka ndani ya chumvi, na mtu anayehusika na ulinzi lazima ajue ni kiasi gani kimo humo, kwa kuwa ndiyo malighafi ya bomu.

Shirika la Kimataifa la Kawi ya Atomiki, IAEA, huhesabu kilo 8 za plutoniamu kuwa kiasi ambacho kikipotea haiwezekani kupuuza uwezekano wa kuundwa kwa silaha. Katika kituo chenye kilo 160 za plutoniamu, asilimia 5 ni kilo 8 kamili. Kifaa cha umeme kilichozamishwa ndani ya chumvi kingeweza kutoa hesabu papo hapo, bila kusubiri sampuli ipelekwe maabara nyingine. Faida hiyo haina maana ikiwa kifaa kinategemea thamani za vitabuni zinazotofautiana kupita kiasi hicho.

Ni hapa ambapo ulinganifu wa vipimo unaacha kuwa adabu ya kitaaluma. Mkaguzi anayetoka nje ya nchi hawezi kuridhika na maneno kwamba elektrodi yetu ni tofauti na yenu.

Tiba ya kukubaliana

Mashine ya bei ghali zaidi haiwezi kuponya hali hii. Maabara zilizo na vifaa bora kabisa zimo miongoni mwa zile zinazopishana. Kinachokosekana ni mapatano, na fani nyingine zimeonyesha kwamba yanawezekana.

Wanakemia wanaofanya kazi katika viyeyusho visivyo maji walikuwa na shida iyo hiyo ya marejeleo. Mwaka 1984 shirika la kimataifa la wanakemia, IUPAC, lilipendekeza kwamba kila mmoja apime pia kemikali iitwayo ferosini katika kiyeyusho chake na kutangaza matokeo yake kutoka hapo. Elektrodi za watu hazikubadilishwa. Kila mtu aliendelea na yake, ila sasa palikuwepo alama moja ambayo wote waliigusa.

Katika chumvi za kloridi alama ya namna hiyo ipo. Gesi ya klorini inayotokea kwenye grafiti ina volti inayotegemea chumvi yenyewe, joto na shinikizo, wala haitegemei mikono ya mtengenezaji. Upande wa pili, volti ambapo lithiamu huanza kuganda hutoa mpaka mwingine. Mtafiti anayetaja umbali wa kipimo chake kutoka kwa mojawapo ya hizo huwapa wengine nafasi ya kukitumia. Kwa floridi zenye beriliamu, kiasi kidogo cha metali hiyo kinaweza kugandishwa kwa muda kwenye waya, volti ikasomwa, kisha kikaachwa kiyeyuke tena.

Jambo la pili ni kutoa data ghafi. Makala huchapisha mchoro mmoja mzuri, na huenda uliteuliwa kutoka kwa mingi. Tarakimu zenyewe za volti, mkondo na muda hubaki katika tarakilishi ya mwanafunzi ambaye mwaka ujao atakuwa amehitimu na kwenda zake. Zikihifadhiwa wazi pamoja na maelezo ya kina cha ufito, chanzo cha chumvi, namna ilivyokaushwa na mahali kipimajoto kilipowekwa, mtu mwingine anaweza kuzitafsiri upya. Makala iliyotumia kanuni ya 1948 mahali pa ile ya 1953 ingerekebishwa kwa nusu saa, bila kuwasha tanuri.

Faida hii ingewafikia hata wasio na tanuri. Sanduku la argoni na chumvi safi ni gharama ambayo vyuo vikuu vingi vya Afrika haviwezi kuibeba kwa urahisi, ilhali hesabu za uchanganuzi zinahitaji tarakilishi ya kawaida na mtu anayezielewa.

Jambo la tatu ndilo lenye uzito zaidi: chumvi ya pipa moja kugawiwa maabara nyingi, kila moja ipime kwa njia zake, kisha majibu yawekwe mezani pamoja. Kwa utaratibu huo, tofauti inayobaki haiwezi kulaumiwa kwa chumvi. Ni lazima iwe ya vyombo au ya mikono.

Wazo hili si geni. Profesa George Janz wa Rensselaer Polytechnic Institute, jimbo la New York, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya na kuchuja data za chumvi zilizoyeyuka. Kitabu chake cha marejeleo kilitoka mwaka 1967, na mwaka uliofuata idara ya viwango ya Marekani ilianza kuchapisha majedwali yake ya upitishaji umeme, uzito na unato wa chumvi hizo. Baadaye ulianzishwa mpango wa viwango ambao mwaka 1980 ulitoa thamani za marejeleo kwa chumvi mbili, nitrati ya potasiamu na kloridi ya sodiamu, ili maabara yoyote ipate kujaribu vyombo vyake kabla ya kupima jambo jipya.

Chumvi mbili, baada ya miaka ya kazi. Hiyo ndiyo kasi halisi ya shughuli hii, na ni vyema wafadhili wakaijua mapema.

Katika miaka ya karibuni Wizara ya Kawi ya Marekani imefadhili hifadhidata iitwayo MSTDB, ambayo hukusanya sifa za joto na za uthabiti wa kemikali za chumvi zinazokusudiwa kwa vinu. Kila thamani hupimwa ubora wake kabla ya kukubaliwa. Hata hivyo, hifadhi hiyo haikujengwa kwa ajili ya michoro ya volti na mkondo.

Vikwazo vya kugawana ni vya kibinadamu zaidi ya vya kikemia. Mtafiti hupandishwa cheo kwa kugundua jambo jipya, si kwa kuthibitisha kwamba jirani yake alipima sawasawa. Kampuni zinazojenga vinu huzifungia data zao kwa kuwa wawekezaji wamezilipia. Aidha, kuna ujuzi ambao haukuwahi kuandikwa popote, kama vile namna ya kupasha mrija wa kioo polepole usipasuke unapoingia kwenye chumvi. Ujuzi huo hupokezanwa mkono kwa mkono ndani ya maabara moja, na anayestaafu huondoka nao.

Kikwazo cha mwisho ni sumu. Beriliamu huharibu mapafu, na maabara zenye ruhusa ya kuishughulikia ni chache. Kusafirisha chumvi yake kutoka nchi moja hadi nyingine kunahitaji vibali na vyombo maalumu. Kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kuanza na mchanganyiko wa kloridi za lithiamu na potasiamu, ambao huyeyuka kwa takriban nyuzi 355, hauna sumu ya kiwango hicho, na unaweza kufungwa ndani ya kichupa cha kioo chenye argoni ukasafirishwa. Sehemu ndogo ya metali adimu kama lanthanamu ikiongezwa humo kwa kipimo kimoja, maabara zote zingekuwa na kitu kimoja cha kupima, na kichupa kimoja cha ziada kingebaki kabatini kwa ajili ya kurudia jaribio pale majibu yatakapopishana.